Bado Yuko Triple-A: Hesabu za Mchezaji wa Besiboli Aliyetabiriwa Unyota

Karibu kila timu ya Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo zilizo chini ya Ligi Kuu ya besiboli nchini Marekani, ina mtu wa aina hii. Ana miaka 28 au 29. Alipokuwa na miaka 18 wasaka vipaji walikaa nyuma ya uzio wa shule yake wakiwa na bunduki za kupima kasi, na jina lake likapanda katika orodha za chipukizi. Alichukuliwa raundi ya kwanza au ya pili ya drafti, ambako klabu huchagua chipukizi kwa zamu, akalipwa pesa ya usajili ambayo wazazi wake hawakuwahi kuiona pamoja. Leo bado anapanda basi Jumatatu usiku. Majirani wa nyumbani wanauliza kama hajaacha tu.

Watu wengi humwona kuwa ameshindwa. Hilo ni kosa, na linatokana na kutoijua hesabu. Ligi Kuu ya besiboli ina timu 30, na kila timu ina wachezaji 26 kwenye orodha ya mchezo. Hao ni watu 780. Chini yao kila klabu ina timu nne za msimu mzima, yaani Triple-A, Double-A, High-A na Single-A, jumla timu 120 tangu mpangilio mpya wa 2021, pamoja na ligi za mafunzo za Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika. Tangu 2024 klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani. Zidisha kwa 30. Halafu kila Julai drafti ya raundi 20 inaleta zaidi ya vijana 600 wapya, na kila Januari 15 dirisha la kimataifa linafunguliwa kwa watoto wa miaka 16 na 17 kutoka Dominika, Venezuela na kwingineko. Mtu aliyefika Triple-A na kukaa hapo miaka mitano ni fundi wa hali ya juu katika kazi yake. Kinachomzuia mara nyingi ni vitu viwili tu: karatasi za mkataba, na aina moja ya mpira ambayo hajaiweza. Vyote viwili vinaweza kusomwa na kufanyiwa kazi, ndiyo maana vinahitaji kuelezwa kwa kina.

Tuanze na karatasi, maana wachezaji wengi huzipuuza mpaka ziwaumize. Juu ya wale 26 kuna orodha pana ya watu 40. Aliye ndani ya 40 anaweza kupandishwa leo jioni bila mtu mwingine kuguswa. Aliye nje yake anaweza kuitwa pia, lakini ni lazima apatiwe nafasi, na ikiwa orodha imejaa, mwingine atoke, na klabu haipendi kumtoa mtu ambaye timu nyingine itamchukua bure. Kwa hiyo mchezaji mwenye wastani mzuri wa kupiga nje ya 40 anaweza kukaa Triple-A mwezi mzima akimtazama mwenye wastani mbaya aliye ndani akienda na kurudi. Kinachoamua hapo ni nafasi kwenye orodha, haidhuru meneja anampenda nani.

Aliye ndani ya 40 ana miaka mitatu ya opsheni, yaani misimu mitatu ambayo klabu inaweza kumshusha ligi ndogo bila kuomba ruhusa. Tangu 2022 haiwezi kumshusha zaidi ya mara tano kwa msimu mmoja. Akishushwa, mpigaji hukaa chini walau siku 10 na mrushaji siku 15, isipokuwa anarudishwa kuziba pengo la majeruhi. Opsheni zikiisha, mambo hugeuka: klabu ikitaka kumshusha ni lazima impitishe kwenye weiva, ambako klabu nyingine 29 zinaweza kumdai. Mwaka huo ndio wenye hatari na ndio wenye fursa. Mchezaji wa miaka 26 aliyemaliza opsheni anapaswa kuingia kambi ya mazoezi ya Februari akijua kwamba wiki sita zile zitaamua atakuwa wapi kuanzia Aprili, na wakala wake awe ameshaandika majina ya klabu nne au tano zenye upungufu katika nafasi yake. Asiyejua idadi ya opsheni zake aulize leo. Wakala anaijua. Asipoijua, tafuta wakala mwingine.

Kuna pia drafti ya Kanuni ya 5 kila Desemba. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini hulindwa kwa misimu mitano, aliyesajiliwa na 19 au zaidi misimu minne. Baada ya hapo, kama klabu haijamweka kwenye orodha ya 40, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti la kumweka kwenye orodha ya 26 msimu mzima. Ikishindwa, inampa klabu ya awali nafasi ya kumrudisha kwa dola 50,000. Roberto Clemente, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alichukuliwa na Pittsburgh kwa drafti ya aina hii mwaka 1954, kutoka mikononi mwa Dodgers. Kwa mrushaji wa akiba, yule anayeingia katikati ya mechi, mwenye mpira mmoja mzuri, njia hii ni ya kweli. Kwa mpigaji ambaye bado anahitaji mechi nyingi ili akomae ni ngumu zaidi, kwa kuwa atakaa benchi mwaka mzima na mkono wake utapoa.

Na asipochukuliwa? Mkataba wa kwanza wa ligi ndogo humfunga mchezaji kwa misimu saba. Kwa wanaosajiliwa wakiwa na miaka 19 au zaidi tangu 2024, ni sita. Ukiisha anakuwa huru mwezi Novemba. Hapo kosa kubwa ni kurudi palepale kwa sababu ya mazoea. Anapaswa kutazama kila klabu: nani anacheza nafasi yake juu, ana miaka mingapi, mkataba wake unaisha lini, na nani yuko nyuma yake Double-A. Mlinzi wa besi ya kwanza anayesaini na klabu ambayo nyota wake wa besi ya kwanza ana mkataba wa miaka saba amejifungia mlango mwenyewe. Mkataba unapaswa kuwa na mwaliko wa kambi ya Ligi Kuu na kifungu cha kujitoa, kwa kawaida tarehe fulani ya Juni au Julai, kinachomruhusu kuondoka kama hajaitwa. Bila kifungu hicho msimu mzima unaweza kupita huku klabu tatu zilizomhitaji zikishindwa kumgusa.

Sasa tuje uwanjani, ambako maneno ya karatasi hayana msaada.

Kutoka bamba la mrushaji hadi pembe ya besi ya nyumbani ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44. Mpira wa maili 95 kwa saa, karibu kilomita 153, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Gongo lenyewe linahitaji karibu sekunde 0.15 kufika. Kilichobaki ndicho muda wa kuona na kuamua. Kijana wa shule aliyewapiga warushaji wa maili 85 alikuwa na muda wa ziada uliofunika kasoro zake zote. Single-A kasoro hazionekani bado. Double-A zinaanza kuonekana, kwa sababu pale warushaji wanaweza kurudisha mpira mahali palepale mara tatu mfululizo. Triple-A ni kundi la watu wazima, wengine wameshapita Ligi Kuu, na wamesoma taarifa zako kabla hujashuka kwenye basi.

Kasoro za kawaida za mpigaji aliyekwama ni mbili. Ya kwanza ni mpira wa kasi wa juu, karibu na kifua. Ya pili ni slaida, mpira wa kasi kiasi unaopinda mwishoni, inayoanza ndani ya eneo la straiki (nafasi ambamo mpira uliorushwa huhesabiwa halali) na kuishia chini nje yake. Mara nyingi zinatembea pamoja: anayehofia wa juu huanza mapema, na anayeanza mapema huifuata slaida mpaka udongoni. Akitolewa kwa straiki, yaani akikosa au kuacha mipira mitatu halali, zaidi ya mara tatu kwa kila zamu kumi za kupiga, hakuna homurani (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja) zitakazomwokoa, kwa sababu kila msaka vipaji anajua kuwa juu ataona mipira hiyo hiyo mara mbili zaidi.

Mike Hessman ndiye mfano ulio wazi. Alipiga homurani 433 katika ligi ndogo za Marekani, rekodi aliyoiweka Agosti 2015 akiwa Toledo kwa kuivunja ile ya Buzz Arlett ya 432. Ligi Kuu alicheza michezo 109, akapiga homurani 14 kwa wastani wa .188, yaani mapigo yaliyofanikiwa (hiti) 188 kwa kila zamu 1,000. Nguvu ilikuwepo hadi mwisho. Aliiwakilisha Marekani akapata shaba ya Olimpiki Beijing 2008, akacheza Japani na Orix mwaka 2011. Kumwita mtu huyo aliyeshindwa ni kukosa adabu kwa kazi. Lakini nambari zake zinafundisha jambo moja: nguvu peke yake hutosha kumweka mtu Triple-A miaka mingi, haitoshi kumvusha.

Pa kuanzia ni takwimu zenyewe. Tangu 2023 vipimo vya kamera za viwanja vya Triple-A viko wazi kwa umma. Fungua ukurasa wa mchezaji, tenganisha aina za mipira, kisha tazama ni mara ngapi anapiga hewa kwa kila aina na kwa kila sehemu ya eneo. Usitazame wastani wa kupiga kwanza. Wastani wa Albuquerque au Reno unadanganya: miji hiyo iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali na unapinda kidogo. Klabu zote zinalijua hilo na hupunguza nambari za Pacific Coast League, ligi ya Triple-A ambako timu hizo hucheza, kabla ya kuzisoma. Mchezaji anayejisifu kwa .310 ya milimani huku akipiga hewa theluthi moja ya slaida ajue kuwa ofisini wanaangalia slaida.

Kisha mazoezi. Kwa mpira wa juu: weka mpira kwenye kigingi usawa wa juu wa eneo lako mwenyewe. Eneo la straiki la mashine linalotumika Triple-A, ambalo Ligi Kuu imelichukua 2026 kwa njia ya rufaa (mchezaji akipinga uamuzi wa mwamuzi, mashine huamua), linapimwa kwa urefu wa mpigaji: juu ni asilimia 53.5 ya kimo chake, chini asilimia 27. Mtu wa sentimita 185 ana eneo linaloanza sentimita 50 na kuishia 99 kutoka ardhini, upana sentimita 43. Funga kamba mbili za rangi kwenye wavu wa mazoezi katika vimo hivyo. Wapigaji wengi wanaolalamikia mwamuzi hawajawahi kupima eneo lao hata mara moja, na wakipewa haki ya rufaa wanaipoteza kwa mpira uliokuwa ndani kwa sentimita nne.

Piga mipira 25 kutoka kigingi kile cha juu kila siku, lengo likiwa mstari mnyoofu kwenda katikati ya uwanja, bila kutafuta umbali. Mpira ukienda juu sana, bega la nyuma linashuka. Ukigonga ardhini, mikono inazunguka kabla ya kiuno. Halafu gongo fupi kwa mkono mmoja, mipira 10 kila mkono, kocha akirusha taratibu kutoka mita tano. Baada ya hapo ndipo mashine, na mashine isirushe aina moja. Mpira wa kasi na slaida zichanganywe bila mpangilio, mipira 30. Katika kumi ya kwanza asipige kabisa: asimame, atazame, aseme kwa sauti "kasi" au "slaida" kabla mpira haujafika nusu ya njia. Kumi hizo za kusema ndizo zinazorukwa na wengi kwa kuwa hazina sauti tamu ya gongo, nazo ndizo zinazoponya jicho.

Linaloharibu zaidi ni papara. Mtu anaanza mabadiliko Aprili, wiki mbili hapati kitu, Mei mosi amerudi kwa staili ya zamani, Juni anajaribu ya tatu. Mabadiliko ya staili ya kupiga yanahitaji walau zamu 150 mpaka 200 kabla ya kuhukumiwa, na mahali pake hasa ni Novemba na Desemba, si katikati ya msimu wa michezo 150.

Gongo lenyewe nalo liangaliwe. Wengi hushikilia gongo la inchi 34 na aunsi 32, yaani sentimita 86 na gramu 907, kwa sababu ndilo walilotumia walipokuwa chipukizi wa moto. Kushuka hadi inchi 33.5 na aunsi 31 hupunguza uzito kwa karibu gramu 28, na mpigaji anayechelewa kwenye mpira wa kasi huona tofauti ndani ya wiki. Gongo la mti wa mepo lina doti ya wino kwenye mpini kuonyesha jinsi nyuzi za mbao zilivyolala. Nyuzi zikiwa zimelala upande, litapasuka vipande vikali. Mepo hupigiwa upande wa uso wa nyuzi, mti wa ash hupigiwa upande wa ukingo. Aliyehama kutoka ash kwenda mepo bila kuzungusha alama ya kiwanda mkononi huvunja magongo bila kujua kwa nini.

Kwa warushaji habari ni tofauti kidogo, na mara nyingi inaanzia kwenye kiwiko. Upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John ulifanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe Septemba 1974: kano huchukuliwa kutoka mkono wa chini au paja na kuwekwa mahali pa ligamenti iliyochanika upande wa ndani wa kiwiko. John alirudi 1976 na akacheza hadi 1989. Leo kurudi kwenye mchezo huchukua miezi 12 hadi 18. Kurusha huanza karibu mwezi wa tano, futi 45 kwanza, halafu 60, 90, 120, kila hatua ikirudiwa bila maumivu kabla ya kusogea. Kilima cha mrushaji hungoja mpaka karibu mwezi wa tisa. Kinachowavunja watu ni mwezi wa kumi na moja. Kasi imerudi, kifaa kinasoma maili 96, wanaamini wamepona, wakati uwezo wa kuweka mpira mahali unarudi baadaye kuliko kasi. Wanaomba mechi, wanapigwa, wanaongeza nguvu, bega linafuata. Anayejua hili humwomba kocha ampime kwa mara ngapi mpira wake wa kwanza kwa kila mpigaji ni straiki, siyo kwa bunduki ya kasi.

Jambo jingine dogo linalowatesa warushaji wanaopanda kutoka Double-A: mpira si ule ule. Triple-A imetumia mpira wa Ligi Kuu tangu 2019, ambao mishono yake iko chini kidogo kuliko ile ya mpira wa ngazi za chini. Mshiko wa mpira unaopinda hubadilika, malengelenge hutokea kwenye kidole cha kati, na mpira unaruka mbali zaidi ukipigwa. Aliye Double-A na anayetarajia kupandishwa aombe dazeni moja ya mipira ya juu na arushe nayo mazoezini wiki tatu kabla.

Mark Appel alikuwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2013, akalipwa dola milioni 6.35. Bega lilimsumbua, matokeo yakawa mabaya, akaondoka kwenye mchezo 2018 bila kufika juu. Alirudi 2021. Klabu ilipomhamishia kwenye kazi ya mrushaji wa akiba, awamu moja au mbili kati ya tisa za mechi, mambo yalifunguka, na Juni 29, 2022, akiwa na miaka 30, alirusha kwa Phillies kwa mara ya kwanza. Hapo kuna somo la kazi kabisa: mrushaji wa kuanza anahitaji aina tatu au nne za mipira na nguvu za awamu sita, wa akiba anahitaji mbili nzuri na pumzi ya dakika 15. Kung'ang'ania kazi ya heshima kumewaweka wengi chini ambao kazi ndogo ingewapandisha. Kenley Jansen alikuwa mdakaji asiyeweza kupiga. Dodgers walimgeuza mrushaji 2009, na Julai 2010 alikuwa Ligi Kuu.

Mpigaji afanye vivyo hivyo kwa nafasi. Anayecheza besi ya tatu tu ajifunze ya kwanza, ya pili na uwanja wa nje wa kushoto. Anunue glavu ya pili kwa pesa yake, na nzuri huzidi dola 300. Kila siku kabla ya mazoezi ya kupiga apokee mipira 30 ya chini katika nafasi asiyoizoea. Drew Maggi alichukuliwa 2010 raundi ya 15. Alicheza zaidi ya michezo 1,100 ya ligi ndogo akizunguka nafasi karibu zote. Mwaka 2021 Minnesota walimwita na hakuingia uwanjani. Aprili 26, 2023, akiwa na miaka 33, Pittsburgh walimpa zamu yake ya kwanza. Uwanja mzima ulisimama. Alitolewa kwa straiki, na siku tatu baadaye akapata hiti. Jezi ya Ligi Kuu hupewa anayeweza kujaza pengo lolote dakika ya mwisho, na Maggi alikuwa amejiandaa kuwa mtu huyo.

Siku ya kawaida inapaswa kujulikana na familia pia, kwa sababu ndugu hudhani ni mchezo wa jioni tu. Mechi ya saa kumi na mbili na nusu jioni inamtaka uwanjani saa saba mchana. Matibabu ya misuli, mkutano, kigingi, mazoezi ya kupiga, chakula, mechi, kuoga, chakula tena karibu saa tano usiku. Hivyo Jumanne hadi Jumapili, michezo sita dhidi ya timu moja, Jumatatu ndiyo ya kusafiri na kupumzika. Usingizi ukishuka chini ya saa saba, jicho la slaida hufa kwanza, kabla hata miguu haijachoka. Mto wake mwenyewe, kitambaa cha macho na chupa ya maji ndani ya basi ni vifaa vya kazi kama glavu.

Pesa. Kabla ya 2021 mshahara wa Triple-A ulianzia dola 502 kwa wiki, na ulilipwa miezi ya msimu tu. Wachezaji wa ligi ndogo waliingia chama cha wachezaji Septemba 2022, na mkataba wa kwanza wa pamoja wa 2023 uliweka kima cha chini cha mwaka: dola 19,800 ligi za mafunzo, 26,200 Single-A, 27,300 High-A, 30,250 Double-A, 35,800 Triple-A. Nyumba hutolewa na klabu tangu 2022. Aliye kwenye orodha ya 40 hulipwa zaidi hata akiwa chini: mwaka 2023 zaidi ya dola 58,000, na zaidi ya 117,000 kwa aliyekwisha kuonja Ligi Kuu. Juu kabisa, kima cha chini cha 2026 ni dola 780,000, zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Ndiyo maana wiki mbili za Septemba, orodha inapopanuka kutoka 26 hadi 28, zinaweza kuzidi mshahara wa mwaka mzima wa Triple-A. Siku moja tu kwenye orodha ya juu inafungua haki ya bima ya afya ya chama. Siku 43 zinaleta pensheni. Mchezaji mwenye siku 31 ana sababu ya maana ya kucheza msimu mmoja zaidi, na mkewe anapaswa kuijua nambari hiyo kama yeye.

Pesa ya usajili ya ujana ikiwa bado ipo, isiguswe kwa gari. Ikiwa imeisha, majira ya baridi yanatoa njia: ligi za Dominika, Venezuela, Meksiko na Puerto Rico huchezwa Oktoba hadi Januari na hulipa kwa mwezi vizuri kuliko Triple-A. Korea Kusini kila timu huruhusiwa wageni wachache, na mgeni wa mwaka wa kwanza anaweza kulipwa mpaka dola milioni moja. Japani pia huchukua watu wa aina hii hasa: umri wa miaka 27 hadi 30, nambari kubwa Triple-A, nafasi finyu juu. Anayepigiwa simu na Seoul au Osaka asiione kuwa ni kushuka. Ajifunze tu kwamba kule mpira wa kasi ni mchache na mpira wa kupinda ni mwingi, kwa hiyo asiyeitibu slaida atarudishwa Mei.

Kwa vijana wa kwetu neno moja la pembeni, kwa kuwa sasa jambo hili limetufikia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh 2008 akiwa na miaka 18, na ilimchukua hadi Aprili 26, 2017 kuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza Ligi Kuu. Uganda imeshapeleka timu ya watoto Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, na klabu za Ligi Kuu zimesajili vijana kutoka huko. Anayekwenda kwa viza ya wanamichezo aelewe kuwa haimruhusu kuendesha teksi wala kufanya kazi ya ghala miezi ya mapumziko, kama wenzake Wamarekani wanavyofanya. Bajeti yake ya Oktoba hadi Februari ipangwe kabla hajapanda ndege. Na nyumbani waambiwe mapema: miaka minane au tisa chini ni njia ya kawaida, asije akaanza kudaiwa matunda mwaka wa pili.

Swali la kuacha litakuja. Halijibiwi usiku baada ya kutolewa kwa straiki mara nne. Lijibiwe Oktoba kwa karatasi: opsheni au uhuru wa kusaini, siku alizokaa Ligi Kuu, umri, nambari za slaida za miezi miwili ya mwisho, ofa zilizoko mezani, na hali ya kiwiko au goti kwa maneno ya daktari asiyelipwa na klabu. Ikiwa kasi ya mpira kutoka kwenye gongo bado iko palepale na kupiga hewa kumepungua, mwaka mmoja zaidi una hoja. Ikiwa kasi hiyo inashuka, kupiga hewa kunaongezeka na hakuna klabu iliyopiga simu hadi kambi ya Februari, ligi huru, zisizo chini ya klabu za Ligi Kuu, kama Atlantic League au American Association ni mahali pa kujaribu miezi mitatu ukiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Na akiamua, ajue namna ya kutoka. Mchezaji aliye chini ya mkataba akitangaza tu kwamba amestaafu, klabu humweka kwenye orodha ya waliostaafu na kubaki na haki zake, hivyo akibadili nia hawezi kusaini kwingine. Akiomba kuachiwa na kupata barua ya kuachiwa, anakuwa huru siku hiyo hiyo. Kabla ya kusaini lolote atafute mkataba wake wa kwanza kabisa, ule wa miaka 18, na asome ukurasa wa masomo. Waliosajiliwa kutoka shule ya sekondari mara nyingi waliahidiwa ada ya chuo kwa mihula kadhaa, kiasi kikiwa kimeandikwa kwa dola. Ada hiyo ina sharti: masomo yaanze ndani ya miaka miwili tangu alipoacha kucheza, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa hata kama hakuna aliyemkumbusha. Barua ya kuiomba iandikwe wiki ileile, nakala moja kwa klabu, nyingine kwa chama cha wachezaji.